Gari kuukuu likikataliwa kwenye ukaguzi: litengenezwe au liuzwe?

Kwa wafanyabiashara wadogo wengi nchini, pikapu au Hiace yenye umri wa miaka 20 ndiyo mtaji wenyewe. Hubeba mchele, saruji na abiria, na hulipa ada za shule. Siku inapokataliwa na mkaguzi wa Polisi wa Usalama Barabarani, mtaji huo husimama. Leseni ya usafirishaji hutolewa na LATRA, mamlaka iliyopokea kazi za SUMATRA za usafiri wa nchi kavu mwaka 2019, nayo huhitaji taarifa ya ukaguzi. Aidha, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuwa barabarani.

Wenye magari wengi hukimbilia gereji siku hiyo hiyo na kumwambia fundi atengeneze kila kitu. Hapo ndipo fedha hupotea. Gari lililokataliwa ni bidhaa kama nyingine, na swali la kwanza ni la kibiashara: matengenezo yatarudisha thamani kuliko yatakavyogharimu?

Ubovu hautofautiani kwa majina tu

Omba orodha ya kasoro kwa maandishi, kisha uigawe mara mbili. Kundi la kwanza ni kasoro zinazoonekana kubwa lakini bei yake ni ndogo. Breki inayovuta upande mmoja mara nyingi husababishwa na silinda ya gurudumu inayovujisha mafuta ya breki. Usukani unaocheza huweza kuwa ni boljointi au bushi zilizokwisha. Moshi mweusi wa dizeli huweza kutokana na chujio la hewa lililoziba au nozeli chafu.

Kundi la pili ndilo linalokula mtaji. Moshi wa bluu ni dalili ya injini inayounguza oili, na tiba yake huweza kuwa kuifungua injini yote. Kutu iliyokula chasisi ni mbaya zaidi, hasa kwa magari yaliyokaa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara kwenye hewa ya chumvi. Kuchomelea chasisi ni kazi ya siku nyingi, na mnunuzi makini akiona alama za welding hushusha bei hata kama gari limepita.

Kwa matairi, usitazame kashata peke yake. Ubavuni kuna tarakimu 4 za mwisho: 2317 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la mtumba linalong'aa huweza kuwa na mpira uliokwisha kukakamaa.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa pikapu ambayo ikipita ukaguzi itauzwa Sh 9,000,000, na ilivyo sasa dalali anatoa Sh 6,400,000. Tofauti ni Sh 2,600,000. Hiyo ndiyo dari ya matumizi.

Breki ni Sh 280,000, boljointi na bushi Sh 350,000, matairi manne Sh 880,000 na taa Sh 90,000. Jumla ni Sh 1,600,000. Ongeza siku 6 za kukaa gereji, ambapo gari lingeingiza Sh 60,000 kwa siku: Sh 360,000. Ongeza pia sehemu moja ya tano ya gharama za ufundi kwa ajili ya yasiyotarajiwa, yaani Sh 320,000. Sasa ni Sh 2,280,000. Inabaki Sh 320,000, hivyo tengeneza.

Lakini iwapo chasisi nayo inahitaji Sh 1,100,000 na siku nyingine 12 bila kazi, gharama zinafika Sh 4,100,000. Mwenye gari atakuwa ametupa Sh 1,500,000. Huyo auze kama lilivyo, au alivunje auze injini, giaboksi na milango kwa wauza spea za mitumba, kama wale wa Ilala.

Wajapani, ambao magari yao ndiyo yamejaa barabarani kwetu, wana hesabu kama hiyo. Kwao gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kodi ya uzito hupanda gari linapopita miaka 13. Wengi huona heri kuuza kuliko kutengeneza tena. Gari hilo hilo hufika bandarini kwetu likiitwa jipya.

Njia ya mkato

Wapo wanaotafuta karatasi ya ukaguzi bila kugusa breki. Mbali na kuwa ni kosa, ni biashara mbaya. Mikataba ya bima kwa kawaida humtaka mwenye gari alitunze katika hali nzuri, na ajali ikitokea, kampuni ya bima ina mlango wa kupinga malipo. Mwenye gari moja anaweza kufilisiwa na ajali moja, licha ya roho za watu.

Anayeuza gari lililokataliwa aandike kasoro zote kwenye mkataba na wote wawili watie saini. Bei itapungua kidogo, lakini mnunuzi hatarudi wiki ijayo na mwanasheria. Umiliki uhamishwe TRA kabla ya funguo kutoka mkononi, kwani hadi hapo kumbukumbu zinaonyesha gari ni la muuzaji. Anayelivunja afute usajili wake.

Na kwa anayetengeneza: kubaliana na fundi bei kwa kila kipengele cha orodha ya mkaguzi, nunua spea mwenyewe, dai zile za zamani uzione, na usimalize malipo kabla gari halijarudi kwa mkaguzi na kupita.