Kifuko cha Chupa Chenye Sura ya Tembo

Kifuko cha chupa ya maji kilichofumwa kwa kroshia ni mfuko mwembamba wa mviringo wenye kitako bapa, kuta zinazopanda hadi mabegani mwa chupa, na mkanda wa kuvaa begani. Kikitiwa masikio, macho na mkonga, kinakuwa tembo. Watoto hukipendea sura hiyo, lakini kwa mfumaji sura ndiyo kazi ya mwisho na iliyo nyepesi kuliko zote. Chupa ya lita moja ikijaa ina uzito unaozidi kilo moja, na uzito huo unaning'inia kutwa nzima kwenye uzi. Kwa hiyo kazi huanza kwa kufikiria mzigo, mnyama baadaye.

Uzi unaofaa zaidi ni wa pamba. Sufu na akriliki huvutika. Kifuko kilichokaa sawasawa asubuhi kinaweza kufika jioni kimeshuka hadi gotini. Pamba haivutiki kiasi hicho, tena hunyonya jasho la chupa ya baridi lisilowanishe nguo wala madaftari. Ikiloweshwa na kuachwa penye upepo, hupoza maji kidogo kama ufanyavyo mtungi wa udongo, kwa sababu maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Akriliki ni ya bei nafuu na ina rangi nyingi, basi ibaki kwa masikio na mapambo yasiyobeba kitu. Sindano ya milimita 3.5 au 4 inatosha kwa uzi wa unene wa kati. Ni vizuri kushuka saizi moja chini ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya uzi, ili mishono ibanane.

Mshono unaotumika ni ule mfupi wa kawaida. Sindano hupita chini ya nyuzi mbili za juu za mshono uliotangulia, uzi huvutwa mpaka kwenye sindano kuwe na vitanzi viwili, kisha uzi huvutwa tena kupita vyote viwili kwa pamoja. Anayefuata kielelezo kilichochapishwa aangalie kwanza kimetoka wapi: Waingereza na Wamarekani hutumia jina moja kwa mishono miwili tofauti, na kifuko kilichofumwa kwa mshono usio wenyewe hutoka kirefu na chenye matundu.

Kitako huanza na kitanzi cha kukazwa chenye mishono 6. Kila mzunguko unaofuata huongeza mishono 6, iliyogawanywa kwa nafasi sawa: 12, 18, 24, 30, 36. Waliozoea kufuma vitambaa vya makochi wanajua kinachotokea hesabu ikikosewa. Nyongeza zikipungua, duara hujikunja likawa bakuli. Zikizidi, ukingo hupiga mawimbi. Mawimbi hayo yana hadhi yake: mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati wa Kilatvia katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliongeza mishono kwa makusudi ili apate nyuso za jiometri ya haipaboli ambazo wanafunzi wangeweza kuzishika kwa mikono. Kifuko chenyewe kinahitaji ubapa tu. Chupa ya nusu lita huwa na mzingo wa karibu sentimita 20, na kwa uzi na sindano vilivyotajwa mishono 36 hufika hapo. Chupa nene ya chuma huhitaji mzunguko mmoja zaidi, yaani mishono 42. Kipimo cha kuaminika ni kusimamisha chupa juu ya kitako: duara likilingana na ukingo wa chupa, nyongeza zinakoma.

Mzunguko wa kwanza wa ukuta hufumwa kwa kushika uzi wa nyuma peke yake. Hapo panatokea pindo kali linalotenganisha kitako na ukuta. Baada ya hapo ni kuzunguka tu bila kuongeza wala kupunguza, pini ikiwa kwenye mshono wa kwanza ili hesabu isipotee. Jambo moja huwashangaza wengi: mishono hii, ikizungushwa mfululizo na mtu wa mkono wa kulia, huinama polepole kuelekea kulia. Mstari uliohesabiwa kutoka chini utafika juu umeshahama. Ndiyo maana mahali pa macho na mkanda hapapangwi kwa kuhesabu mishono. Chupa huingizwa kwanza, kisha pini zikachomwa kwa kukadiria kwa jicho.

Mkanda ndio unaoamua maisha ya kifuko. Mnyororo mtupu hurefuka na kukata bega. Ulio bora una upana wa mishono mitano au sita, umefumwa kwa safu zinazofuata urefu wake, na haukushonwa ukingoni pekee. Hushuka ubavuni, hupita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, ukishonewa ukutani njia nzima. Hapo mzigo unabebwa na mkanda wenyewe, na ukuta unabaki na kazi ya kuzuia chupa isiteleze. Kabla ya kufunga ncha, kifuko kitundikwe na chupa iliyojaa usiku kucha. Asubuhi urefu upimwe upya na kupunguzwa.

Sasa tembo. Mkonga ni bomba la mishono 6 lisiloongezwa, la sentimita 7 au 8; ukizidi hapo hunasa kwenye vitasa vya milango. Ili upinde, nusu ya kila mzunguko hufumwa kwa mshono mfupi na nusu kwa mshono mrefu kidogo, nao upande mrefu huwa mgongo wa pindo. Masikio ni maduara mawili ya mizunguko mitano, yakiwa na bapa kubwa linalofunika maungio ya mkanda. Ukubwa huo ni wa haki, kwani tembo wa Afrika ana masikio makubwa kuliko ya mwenzake wa Asia, na ncha ya mkonga wake ina vidole viwili pale wa Asia anapokuwa na kimoja. Vinundu viwili vidogo vya uzi vinatosha kuvionyesha. Macho yawe madogo, yakae pembeni na chini kuliko mkono unavyotaka kuyaweka. Yakiwekwa juu na mbele, mnyama anageuka panya.

Umbo la chupa humfaa pia twiga, kwa mabaka ya kahawia yaliyoshonewa juu, na simba mwenye manyoya ya nyuzi zilizofungwa ukingoni. Vielelezo vingi vya ng'ambo ni vya bundi, ndege anayehesabiwa mkosi katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Anayefuma kifuko cha zawadi amchague sungura.

Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, macho yatariziwe kwa uzi. Vifungo na macho ya plastiki hung'oka na kumezwa. Mkanda mrefu nao ni hatari kwa mtoto mdogo, kwani unaweza kunasa kwenye bembea na kumkaba; apewe mshikio mfupi wa kiganja. Kifuko hufuliwa kwa mkono katika maji baridi, hukamuliwa kwa kubanwa ndani ya taulo bila kusokotwa, na hulazwa kivulini kikauke. Kukitundika kikiwa kimelowa huvuta mkanda. Kitako hukauka mwisho, kwa hiyo kigeuzwe nje ndani kisije kikaota ukungu.