Fahamu: Vicheza muziki vya sauti safi na namba zinazouzwa navyo

Apple ilitangaza mwisho wa iPod Mei 2022, lakini vicheza muziki vya mfukoni vya sauti safi bado vinauzwa, vingine kwa bei ya simu ya kifahari. Mnunuzi hukutana kwanza na namba: biti 24, kilohezi 192. Zina maana gani?

CD huipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16. Sikio la binadamu hufika takribani hezi 20,000, na ili kunasa sauti hiyo vipimo vinatakiwa kuzidi mara mbili yake. CD, basi, tayari inatosha. Faili la 24/192 lisilobanwa hula nafasi zaidi ya mara sita, na faida yake kwa msikilizaji ni ndogo mno.

Muundo wa ndani ndio wenye uzito. PonoPlayer ya mwanamuziki Neil Young, iliyochangiwa zaidi ya dola milioni 6 kwenye Kickstarter mwaka 2014, ilikuwa ya pembetatu. Haikukaa vizuri mfukoni, ila wahandisi walipata nafasi ya vipuri vikubwa. Ilikuwa pia na matundu mawili: ukiyatumia yote kwa hedifoni zinazofaa, kila sikio hupata njia yake kamili ya umeme.

Kabla ya kulipa, uliza nguvu ya amplifaya. Hedifoni za ohm 300 huhitaji volti nyingi kuliko simu nyingi zinavyoweza kutoa. Na ukisikiliza kwa Bluetooth, kazi ya kugeuza namba kuwa sauti hufanywa na hedifoni zenyewe. Chipu na amplifaya ya kifaa ulicholipia hazitumiki kabisa.