Mbona Nyumba Yangu Haikupimwa?

Watu wa utafiti wakija kupima watoto, huingia nyumba chache tu. Wengine hunung'unika: "Mbona kwangu hawakufika?"

Mtazame mnunuzi wa mahindi. Hamwagi gunia zima. Huchoma bambo juu, katikati na chini, akazitazama punje. Akichoma juu tu, atadanganywa. Nyumba nazo huchaguliwa kwa kura. Zikipimwa za barabarani peke yake, watoto wa mbali watasahauliwa. Wapimaji wakikuta mlango umefungwa, warudi baadaye, wasihamie kwa jirani.

Kipimo kiwe kimoja kwa wote. Mtoto avuliwe viatu. Aliye chini ya miaka 2 hupimwa urefu akiwa amelala, mkubwa husimama wima.

Utafiti wa namna hii uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 hivi wamedumaa. Hao ni wengi mno! Lakini wako wazazi ambao kwa aibu humficha mtoto dhaifu, wakaleta mnene wa shangazi. Basi hesabu itaandika kuwa watoto wameshiba, na mipango ya chakula itafuata hesabu hiyo.