Mizingani: Majumba Yanayosimama kwa Chokaa

Anayeingia Unguja kwa boti kutoka Dar es Salaam huuona Mji Mkongwe kabla hajashuka bandarini. Zahanati ya Kale na roshani zake za mbao zilizochongwa, jumba la Beit al-Sahel, Beit al-Ajaib, kisha Ngome Kongwe: yote yamefuatana kando ya bahari, mwendo mfupi tu kwa miguu. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, na safu hii ya Mizingani na Forodhani ndiyo inayojulikana zaidi katika picha za Zanzibar.

Kongwe kuliko yote ni Ngome. Waomani waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa. Imepata kuwa jela. Siku hizi tamasha la Sauti za Busara hukusanya watu ndani ya kuta zake.

Beit al-Ajaib ndilo lenye kisa kizito. Seyyid Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mapokezi ya kidola, akalizungushia roshani pana zinazobebwa na nguzo ndefu za chuma. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme, na jina lake likatokana na maajabu hayo. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipiga mizinga eneo la kasri ili kumng'oa Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila ridhaa yao. Vita havikufika saa nzima. Beit al-Hukm, lililokuwa jirani, liliharibiwa na halikujengwa tena. Mnara wa taa uliosimama mbele ya kasri nao ukaharibika, na ndipo Beit al-Ajaib lilipoongezewa mnara wenye saa.

Mizinga haikuliangusha. Lililoliangusha ni uchakavu wa miaka mingi. Mwaka 2012 sehemu ya jengo ilibomoka, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, upande wa mbele ulianguka pamoja na mnara. Mafundi wawili walikufa. Hilo lisisahaulike kila inapozungumzwa hasara ya nguzo na roshani.

Kwa nini majumba haya huanguka? Jibu limo ndani ya kuta zenyewe. Mafundi wa zamani walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari wakazilaza juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na kwa sababu hiyo vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Chokaa hupitisha unyevu: ukuta ukilowa wakati wa masika, hukauka jua likitoka. Bati au mfereji wa paa ukitoboka na kuachwa, maji hushuka ndani ya ukuta, chokaa ikalegea, na ncha za boriti zikaoza mahali pasipoonekana. Chumvi ya bahari nayo hula chuma. Nyumba inaweza kupakwa rangi nzuri nje huku ikifa ndani.

Saruji huongeza balaa. Mwenye nyumba huona ufa, akaita fundi apige plasta ya saruji, kwa kuwa inapatikana upesi na inaonekana imara. Plasta hiyo hufungia unyevu ndani. Ukuta laini wa matumbawe huendelea kumomonyoka nyuma yake, hadi siku plasta inapobanduka na kuondoka na sehemu ya ukuta.

Zahanati ya Kale inathibitisha kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Tajiri Tharia Topan alianza kuijenga mwaka 1887 na akafariki kabla haijakamilika. Baadaye ghorofa ya chini ikatumika kuwatibu maskini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo lilichakaa vibaya, lakini miaka ya 1990 Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulilifufua kwa chokaa na kwa kazi ya mikono ya maseremala na waashi. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa na mfuko huohuo na kufunguliwa upya mwaka 2009.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na sheria ipo. Kinachohitajika sasa ni fedha za kila mwaka kwa ajili ya mapaa na mifereji, kabla ya masika, na vijana wanaofundishwa kuchoma, kuloweka na kupiga chokaa wakati wangali hai wazee wanaoijua kazi hiyo. Nanyi wenye nyumba za Mji Mkongwe, kagueni mapaa yenu mwaka huu, na mkimwita fundi kuziba ufa, mtakeni aje na chokaa.