Mzani umegoma baada ya miezi mitatu ya kufunga: uendelee au uache?

Jumamosi, saa mbili asubuhi, katika nyumba moja ya Tabata jijini Dar es Salaam. Chai ya maziwa iko kwenye chupa, chapati zimefunikwa, watoto wanavuta viti. Mama anawahudumia wote, kisha anakaa na kikombe chake cha maji ya moto. Ni mwezi wa tatu sasa hali chochote mpaka saa sita mchana.

Mwezi wa kwanza alipungua kilo tatu, majirani wakamsifia. Mwezi wa pili ikashuka nusu kilo. Mwezi wa tatu mzani haujasogea hata kidogo. Asubuhi hii, akiwa bado anawaza la kufanya, binti yake wa miaka 13 anasogeza sahani pembeni.

"Mama, na mimi nafunga mpaka saa sita. Nimenenepa."

Nyumba hii ni mfano tu, lakini wazazi wengi wataitambua. Kufunga kwa vipindi ili kupunguza mwili kumeingia majumbani, makazini na kwenye magrupu ya WhatsApp. Nchini Tanzania mjadala huo ulipata nguvu zaidi kupitia elimu ya Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wengi walianza kwa ari. Swali linalowasumbua sasa ni moja: baada ya miezi kadhaa, kuna faida ya kuendelea?

Kilo za mwanzo zinatoka wapi

Aina za kufunga ni nyingi. Inayotumiwa sana ni ya kukaa saa 16 bila kula na kula ndani ya saa nane, kwa mfano kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Wapo wanaopunguza sana chakula siku mbili kwa wiki, na wapo wanaofunga siku moja na kula siku inayofuata.

Wiki za kwanza mzani hushuka haraka, na hapo ndipo wengi hujenga matumaini makubwa. Mwili huhifadhi akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba hutumika na maji yake hutoka. Kwa hiyo sehemu ya kilo zile tatu za mwezi wa kwanza ilikuwa maji. Mafuta huondoka polepole zaidi.

Kuna pia maneno kwamba mwili ukifunga hujisafisha wenyewe. Ni kweli kwamba seli hubomoa na kutumia upya vipande vyake vilivyochakaa, na mwanasayansi wa Japan, Yoshinori Ohsumi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Lakini ugunduzi wake ulitokana na kuchunguza hamira. Haukupima kama mtu anayeruka chai ya asubuhi atapungua kiuno.

Majaribio yamepata nini

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa matokeo ya jaribio la wiki 12 kwa watu wazima 116 wenye uzito uliozidi. Kundi moja lilikula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu. Jingine lilikula milo mitatu kama kawaida. Waliofunga walipungua wastani wa kilo 0.94, wenzao kilo 0.68. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa ya bahati tu.

Mwaka 2022 yakaja matokeo kutoka Guangzhou, China. Watu 139 wenye unene uliopitiliza walifuatiliwa kwa mwaka mzima, na wote walipunguziwa kiasi cha chakula. Nusu yao waliambiwa pia wale kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Waliofunga walipungua wastani wa kilo 8.0, wasiofunga kilo 6.3. Hapo pia watafiti hawakuona tofauti ya uhakika. Kilichofanya kazi kubwa ni kupunguza chakula, si saa.

Jaribio jingine la mwaka mmoja, lililofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2023, linawapa moyo wanaofunga. Watu 90 waligawanywa katika makundi matatu. Waliokula saa sita mchana hadi saa mbili usiku bila kuhesabu kalori walipungua kilo 4.6 hivi kuliko wale ambao hawakubadili kitu. Waliohesabu kalori kila siku walipungua kilo 5.4. Makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa uhakika, na ulaji wao ulishuka karibu sawa, kiasi cha kalori 400 kwa siku.

Ukiyaweka matokeo hayo pamoja, picha inaeleweka. Kufunga hupunguza uzito pale tu kunapomfanya mtu ale kidogo kuliko alivyozoea. Kwa wengine saa ni msaada mkubwa, kwa sababu ni rahisi kusema "sili mpaka saa sita" kuliko kupima kila kijiko cha wali. Kwa wengine saa hazisaidii chochote.

Kwa nini mzani hugoma

Wanaofunga Ramadhani wanalijua jambo hili bila kuambiwa na mtaalamu. Mtu anaweza kushinda njaa kutwa nzima, kisha futari ikawa uji wenye sukari, tambi, mihogo ya nazi, sambusa na juisi, daku likafuata. Tafiti nyingi za Ramadhani zimeonyesha kwamba wafungaji hupungua wastani wa kilo moja na kidogo, na uzito huo hurudi wiki chache baada ya Iddi. Ramadhani ni ibada, wala haikuwekwa kwa ajili ya mzani. Lakini inafundisha kwamba anachokula mtu baada ya kufungua kina uzito kuliko saa alizofunga.

Mama wa Tabata akijikagua kwa haki, huenda akakuta mambo haya. Saa sita anafungua kwa njaa kali, na kibanda kilicho karibu na kazini kinauza chipsi mayai. Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Kila kijiko kikubwa cha mafuta kwenye mchuzi kina kalori 120 hivi. Kabla ya saa mbili usiku anaongeza sahani kidogo, asije akalala na njaa.

Sababu ya pili si kosa la mtu. Mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko mwili mkubwa. Kiasi kilichompunguza mtu mwezi wa kwanza kinaweza kumweka palepale mwezi wa tatu. Hili hutokea kwa kila njia ya kupunguza uzito.

Sababu ya tatu haionekani kwenye mzani. Katika jaribio la San Francisco, baadhi ya washiriki waliofunga walipimwa kwa vifaa maalumu, ikaonekana kwamba karibu theluthi mbili ya uzito waliopoteza haukuwa mafuta, bali sehemu nyingine za mwili, misuli ikiwemo. Anayefunga na kuacha maharage, mayai, samaki, dagaa au maziwa, tena hafanyi kazi yoyote ya kutumia nguvu, anaweza kupungua kilo na kubaki na kitambi.

Wanaotakiwa kuacha leo

Kwa baadhi ya watu swali la kuendelea halipo kabisa. Mjamzito na mama anayenyonyesha wasifunge ili kupunguza mwili. Watoto na vijana chini ya miaka 18, vilevile. Mtu aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kula kupita kiasi na kujitapisha asijaribu njia hii.

Anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi na gliklazidi, asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake. Dawa hizo huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka. Hapo mtu anatakiwa ale au anywe kitu chenye sukari mara moja, hata kama saa ya kufungua haijafika. Wenye dawa za presha au vidonda vya tumbo nao waanzie kwa daktari.

Mtoto anaangalia sahani yako

Hili ndilo ambalo mzani hauwezi kulipima. Binti wa miaka 13 yuko katika umri wa kurefuka na kukomaa. Mifupa yake inajengwa, huenda hedhi imeanza na inampunguzia madini ya chuma, na siku za shule anatoka nyumbani alfajiri. Kuruka chakula cha asubuhi kwake si sawa na kwa mtu mzima.

Hajasoma utafiti wowote. Ameona mama haketi kula, amesikia mama akijisema mnene mbele ya kioo, amesikia majirani wakimsifia kwa kupungua. Akajumlisha.

Kumfokea hakusaidii, wala kumwambia hayo ni mambo ya wakubwa. Mama aanze kwa kumuuliza kwa upole nani amemwambia amenenepa. Mara nyingi jibu ni maneno ya wenzake shuleni, au utani wa shangazi kwenye sherehe. Kisha amweleze kwamba mwili wake bado unakua na unahitaji chakula. Kama kuna wasiwasi wa kweli kuhusu uzito, apelekwe kituo cha afya apimwe kwa vipimo vya umri wake, si kwa kulinganishwa na mtu.

Nyumbani, yanayobadilika yabadilike kwa wote: soda iwe ya sikukuu, matunda yawe karibu kuliko biskuti, mboga ziongezwe kwenye kila sahani, na maneno ya kudharau mwili wa mtu yakome, hata ya mzaha. Akiendelea kukwepa chakula, kula kwa kujificha au kupungua haraka, hilo si la kungoja. Amwone daktari.

Maswali matatu ya kuamua

Aliyefunga miezi mitatu anayo tayari majibu anayohitaji. Ajiulize haya.

La kwanza: kiuno kimepungua? Futi ya kupimia ya fundi cherehani inatosha. Kipimo kinachoanza kuleta hatari ya kiafya ni sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Kama mzani umesimama lakini kiuno kinaendelea kupungua, njia bado inafanya kazi.

La pili: maisha yanaendaje? Kama unalala vizuri, hukasiriki ovyo, na saa sita inapofika unakula kwa utulivu, saa hizo zinakufaa. Kama kila siku ni kichwa kuuma, kugombeza watoto na kula kwa pupa, mwili umeshajibu.

La tatu: utaweza hivi mwaka ujao? Uzito uliopungua hubaki pale mtu anapobaki na mazoea yaliyoupunguza. Katika jaribio la Chicago la mwaka 2017 la kufunga siku moja na kula siku inayofuata, asilimia 38 ya waliofunga walijitoa kabla ya mwaka kwisha, ilhali waliopunguza chakula kila siku walijitoa asilimia 29. Njia ngumu kupita uwezo wa mtu haimfikishi mbali.

Majibu yote matatu yakiwa mazuri, endelea, na uangalie zaidi kilichomo kwenye sahani kuliko saa ukutani. Ongeza kutembea kwa kasi na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, hata kama ni kubeba ndoo za maji na kuchuchumaa.

Majibu yakiwa mabaya, acha bila kujilaumu. Majaribio hayo hayo yanakulinda: anayepunguza kiasi cha chakula kila siku hupungua sawa na anayefunga. Wali nusu sahani badala ya sahani nzima, chai bila sukari na mafuta ya kupimwa kwa kijiko vitakufikisha palepale.

Ipo pia njia ya katikati inayoifaa nyumba yenye watoto. Chakula cha jioni kiliwe saa moja usiku, jiko lifungwe, na familia ifungue kinywa pamoja saa moja asubuhi. Hizo ni saa 12, nyingi zikiwa za usingizi. Hakuna anayeitwa mfungaji, na vitafunwa vya usiku mbele ya televisheni vinakufa vyenyewe.

Kwa mama wa Tabata, uamuzi unaweza kuanzia pale mezani. Avute sahani, achukue chapati moja na yai, amsogezee binti yake sahani aliyoiweka pembeni, wale pamoja. Futi ya kupimia itakuwepo hata jioni.