Apokeaye Kodi Ndiye Mwenye Nyumba

Katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben, karibu na Eneo la Viwanda la Nairobi, wakazi wengi ni wapangaji wa vyumba vya mabati, ambavyo aghalabu huwa na ukubwa wa futi 10 kwa 10. Mara nyingi mwenye chumba hana hati ya ardhi, na mwenye hati siye aliyejenga chumba. Basi choo kijaapo au mtaro uzibapo, wapangaji huulizana: ni nani apaswaye kutengeneza?

Jibu limo katika Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo asili yake ni ya mwaka 1921. Sheria hiyo humhesabu kuwa mwenye nyumba mtu yeyote apokeaye kodi, awe anaipokea kwa faida yake mwenyewe au kwa niaba ya mwingine. Kwa hiyo mpokeaji wa kodi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ardhi si yake.

Nyumba isiyo na hewa ya kutosha, au iliyosongamana watu mno, au yenye choo kidhurucho afya, ni adha mbele ya sheria hiyo. Ofisa wa afya wa Kaunti hutoa ilani ya maandishi, akitaja kazi ipasayo kufanywa na muda wake. Ubovu ukiwa ni wa jengo lenyewe, ilani hupewa mwenye nyumba, si mpangaji. Asipotii, hushtakiwa.

Hata hivyo, jengo likionekana halitengenezeki, mahakama yaweza kuamuru libomolewe, na hapo mpangaji aliyelalamika ndiye akosaye pa kulala. Hofu hiyo huwafanya wengine wanyamaze. Tena, choo hakiwezi kutengenezwa vema mahali pasipo na bomba la maji machafu wala njia ya gari. Kwa ajili hiyo, mwezi wa Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Reuben, pamoja na Mukuru kwa Njenga na Viwandani, kuwa Eneo Maalum la Mipango, ili barabara, maji na vyoo vipangwe pamoja.

Mipango hiyo haimwondolei mpokeaji wa kodi wajibu wake. Yafaa kila mpangaji atunze stakabadhi zake, au ujumbe wa malipo ulio katika simu yake, kwani huo ndio ushahidi wa nani aipokeaye kodi.