Ziara ya Kikundi Lamu: Miguu, Punda na Mashua



Vikundi vingi vikishagawana faida mwisho wa mwaka hupanga ziara ya kujifunza, na wengine hutaja Lamu. Ni chaguo zuri. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini jueni mapema: basi lenu haliingii huko. Lamu ni kisiwa, na vichochoro vya mji ni vyembamba, gari halipiti. Kikundi kisichojipanga humaliza pesa za ziara kwenye usafiri kabla hakijaona lolote. Basi tuelezane.

1. Kufika

Basi la kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu, likaishia Mokowe, ng'ambo ya kisiwa. Kabla ya kuondoka ulizieni hali ya usalama barabarani. Mokowe mnapanda boti. Ziko za abiria, kila mtu na nauli yake, na ziko za kukodi. Wanaokuja kwa ndege hutua kisiwa cha Manda, nao pia huvuka kwa boti. Kwenye gati vijana watawazunguka wakitaka kubeba mizigo. Msiwakasirikie, ndiyo kazi yao. Ila bei isemwe kabla mzigo haujainuliwa.

2. Miguu

Ndani ya mji, gari lenu ni miguu. Kutoka gati hadi Ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ni mwendo mfupi tu. Nyuma ya barabara ya ufuoni kuna Usita wa Mui, njia kuu ya zamani yenye maduka. Mkipotea vichochoroni, fuateni mteremko, utawafikisha baharini. Kijiji cha Shela kiko kama kilomita 3, yaani dakika 45 hivi kwa kufuata ufuo. Maji yakijaa, sehemu ya njia hiyo hufunikwa.

Pikipiki nazo zimefika kisiwani, lakini viongozi wamezipiga marufuku ndani ya Mji wa Kale. Mtoto akitoka mlangoni yuko tayari njiani, atakimbilia wapi?

3. Punda

Punda ndiye lori la Lamu. Hubeba mchanga, mawe, saruji na mizigo ya wageni ndani ya shogi. Kikundi kinaweza kukodi punda mmoja abebe mabegi ya wazee. Mtazameni kwanza mgongo. Akiwa na kidonda, tafuteni mwingine. Tangu 1987 mjini pana kituo cha kutibu punda, kwa hiyo mwenye punda ana pa kumpeleka. Mkimchagua anayemtunza mnyama wake, mmemfunza na jirani yake.

4. Mashua

Hapa ndipo watu wa bara hukosea. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hufikiwa kwa mkono wa bahari uliopita kati ya mikoko, na mashua huingia maji yakiwa yamejaa tu. Mkichelewa kurudi, mtakwama kwenye matope mpaka maji yarudi. Kwa hiyo nahodha ndiye wa kupanga saa, si mwenyekiti.

Mashua ya kukodi hulipiwa kwa safari, si kwa kichwa. Tuchukue mfano: bei ikiwa shilingi 4,000, watu 4 watalipa 1,000 kila mmoja, watu 10 watalipa 400. Ni faida ya kuwa kikundi. Lakini msivutwe na hesabu hiyo mkajazana. Mashua ya watu 10 ni ya watu 10. Kila mtu avae jaketi la kujiokoa, hata anayejua kuogelea, na chombo kiwe na leseni. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Nahodha akisema leo hapana, mshukuruni.

5. Mapatano

Kabla hamjakanyaga chombo, katibu aandike majibu ya maswali haya:
- Tunakwenda wapi, na tunarudi saa ngapi?
- Bei ni ya chombo kizima au ya kila mtu?
- Chakula na maji ya kunywa vimo?
- Tunalipa kiasi gani sasa, na kiasi gani tukirudi?

Ulizeni bei kwa watu wawili au watatu. Mkishakubaliana, msianze tena kuvutana mkiwa katikati ya maji. Huyo nahodha na huyo mwenye punda wana karo za kulipa kama ninyi, na shilingi mnayomkabidhi mkononi hulala Lamu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi kwenye mkutano ujao, mweka hazina aweke usafiri wa kisiwani kwenye bajeti peke yake, asiuchanganye na nauli ya basi.

Safari njema.